Je, Wajua? Ziwa Mweru, Mwanafunzi wa Ng'ambo na Fomu ya Kodi

Jioni ukikaa ufukweni Kashikishi, mji pacha wa Nchelenge mkoani Luapula, kaskazini mwa Zambia, utaliona jua likizamia Kongo. Kati yako na Kongo ni Ziwa Mweru, lenye kilomita za mraba zipatazo 5,120. Ukizitosa Unguja tatu humo, zinaenea zote na maji yanabaki.

Kijana wa ufukwe huu anapoondoka kwenda kusoma mbali, iwe Beijing, Manchester au Ohio, hufungashiwa unga, chitenge, dua na maonyo ya kila namna: usiache sala, usilale na njaa, usioe huko. Onyo moja husahaulika. Huko uendako kuna fomu ya kodi inakusubiri, na inakusubiri hata kama hutapata senti tano. Nimekuwa nikiokota vituko vya fomu hizo kama mtoto anavyookota kome. Hivi hapa.

Mpaka ulipindwa ili ukikamate kisiwa kimoja

Tarehe 12 Mei 1894 Uingereza iliandikiana mkataba wa mipaka na Mfalme Leopold wa Pili, mwenye Dola Huru ya Kongo. Ndani ya Ziwa Mweru mstari ungeweza kunyooka tu, kutoka mto Luapula unapoingilia kusini hadi maji yanapotokea kaskazini. Haukunyooka. Mkataba wenyewe ulitaka mstari upindwe kusini mwa ziwa ili Kisiwa cha Kilwa kiangukie kwa Waingereza.

Naam, Kilwa. Msomaji wa Lindi asikimbilie kudai urithi: Mweru ina Kilwa mbili za kwake, kisiwa cha upande wa Zambia na mji wa upande wa Kongo. Kona ile ndogo ya wino, iliyochorwa na watu waliokuwa Ulaya, ndiyo iliyoamua mvuvi wa kisiwani atatozwa kodi na nani.

Kodi ya kwanza ilihesabu mapaa, wala si mapato

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kampuni ya Waingereza iliyotawala upande wa mashariki wa ziwa ilianza kutoza shilingi 3 kwa kila kibanda kwa mwaka. Mlipaji hakuulizwa anavua samaki wangapi. Aliulizwa analala wapi na ana nyumba ngapi, na mwenye wake watatu alijikuta ana mapaa matatu ya kulipia.

Dawa ya kodi hiyo, ambayo Wabemba waliiita umusonko, ilikuwa mtumbwi. Mwanahistoria Mzambia Mwelwa Musambachime, aliyewahi pia kuwa balozi wa nchi yake Umoja wa Mataifa, aliandika mwaka 1988 kuhusu uhamaji wa watu wa Mweru na Luapula kati ya 1900 na 1940, akauita uhamaji wa kupinga. Boma likija, kijiji kinavuka maji. Wengine walivuka kinyume chake, wakizikimbia tozo za Kongo. Kwa hiyo mtu wa Mweru alijua mapema sana jambo ambalo wanafunzi wengi hulijua wakiwa tayari wameandikiwa barua: kodi inataka kwanza kujua ulilala upande gani.

Uingereza huhesabu usiku wa manane

Sidhihaki. Tangu tarehe 6 Aprili 2013 Uingereza ina kipimo cha kisheria cha kuamua nani ni mkazi wake kikodi, na kwa kawaida siku huhesabiwa kama ulikuwa nchini ilipogonga saa sita za usiku. Ukitua asubuhi, ukashinda maktaba kutwa, ukala chipsi na samaki, kisha ukaruka saa nne usiku, siku hiyo kwa kawaida haimo kwenye hesabu.

Marekani ina roho nyingine. Huko kipande cha siku ni siku, hata ukiingia zikiwa zimebaki dakika kumi kabla ya saa sita. Karani wa kodi ya vibanda angeielewa zaidi sheria ya Waingereza.

Siku moja inaweza kula mwaka mzima

Hili nimelisoma mara tatu kabla ya kuliamini. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 hahesabiwi siku kwa miaka mitano ya kwanza. Kwa kodi ya Marekani anabaki "mgeni" hata akilala huko siku 365. Lakini miaka hiyo ni ya kalenda, Januari hadi Desemba, na kipande cha mwaka ni mwaka.

Tuseme binti wa Kashikishi anatua Chicago tarehe 31 Desemba saa tano usiku, koti halijatoka hata kwenye sanduku. Saa moja baadaye mwaka wake wa kwanza kati ya mitano umekwisha. Mwenzake aliyelala uwanja wa ndege wa Addis Ababa akatua kesho yake asubuhi ana mitano mizima mbele yake. Kama kuna wakati kuchelewa ndege kunalipa, ni huo.

Baada ya miaka mitano kinakuja kipimo cha siku 183, nacho kina hesabu ya kupendeza: chukua siku zote za mwaka huu, theluthi ya siku za mwaka jana, na sudusi ya siku za mwaka juzi, ujumlishe. Siku za ile miaka mitano hazimo. Kwa hiyo mwanafunzi asiyetoka Marekani tangu Januari mosi ya mwaka wake wa sita hutimiza 183 tarehe 2 Julai, kama si mwaka mrefu, kisha anahesabiwa kuwa mkazi kuanzia ile Januari.

Mkazi hutangaza mapato ya dunia nzima. Hata kodi ya nyumba anayopangisha Kashikishi, ile anayoipokea mama na kununulia sabuni, sasa ina mstari wake kwenye fomu ya Washington.

Hata mtoto mchanga ana fomu yake

Fomu hiyo inaitwa 8843. Haiombi hela. Inauliza wewe ni nani, una viza gani, unasoma wapi, mkuu wa programu yako ni nani na umekuwa Marekani siku ngapi. Kazi yake ni kuiambia serikali: siku hizi nilizolala kwenu msinihesabie.

Mwanafunzi mgeni asiye na mapato yoyote bado anadaiwa fomu hii. Akiwa na mke, mke ana yake. Wakiwa na mtoto aliyekuja nao akiwa bado ananyonya, na mtoto ana yake, na mzazi atamtilia sahihi. Sijui kama kuna hati nyingine ya kodi duniani inayojazwa kwa niaba ya mtu asiye na meno.

Darasa halitozwi, sahani hutozwa

Hapa ndipo wengi hupigwa na bumbuwazi, na mimi nikiwa mmoja wao niliposoma mara ya kwanza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Binti wetu amepata ufadhili kamili. Nchelenge wamechinja, kanisani wametangaza. Barua inasema kila kitu kimelipiwa: karo, vitabu, bweni na chakula. Hakuna noti itakayopita mkononi mwake. Kisha muhula unaanza, anafungua akaunti yake ya chuo kwenye kompyuta, anaona deni.

Sheria ya Marekani inaugawa ufadhili mafungu mawili. Fungu la karo, na vitabu na vifaa vinavyotakiwa darasani, halitozwi kodi. Fungu la kitanda na sahani ni mapato, hata kama hukulishika. Kwa mwanafunzi wa F-1 asiye mkazi, chuo kinatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 14 kwenye fungu hilo, na kwa kuwa hakuna fedha taslimu ya kukata, huandika deni kwenye akaunti ya mwanafunzi.

Tupige hesabu. Bweni na chakula vikiwa dola 15,000 kwa mwaka, asilimia 14 ni dola 2,100. Ukitaka kujua uzito wake kwa Mweru, fikiria chisense. Ni visamaki vidogo kama dagaa, vinavuliwa usiku kwa taa, vinaanikwa juu ya mchanga asubuhi, vinageuzwa, vinafungwa magunia na kupelekwa Copperbelt au kuvushwa kwenda Lubumbashi. Sasa jaribu kuhesabu ni magunia mangapi yatakayotoa dola 2,100. Tena bili ya muhula wa Januari huangukia majira mabaya, kwa sababu kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Ziwa limefungwa, chuo kimefunguliwa.

Lakini tamu haijaisha. Asilimia 14 ni makadirio tu. Hesabu halisi inafanywa kwenye ritani, Fomu 1040-NR, ambayo NR yake maana yake asiye mkazi. Kwa mapato ya mwaka 2024, dola 11,600 za kwanza zilitozwa asilimia 10, na zinazofuata asilimia 12. Kwenye dola 15,000 inakuwa 1,160 jumlisha 408, yaani dola 1,568. Binti alikatwa 2,100. Anadai arudishiwe 532. Asipojaza ritani, harudishiwi. Kwa hiyo ile fomu anayoikimbia ndiyo iliyoshika nauli yake ya basi la kwenda kumtembelea shangazi Texas.

Hela ya chisense haitozwi

Baba akiuza samaki akamtumia mwanawe dola 300 za koti la baridi, Marekani haikati chochote: zawadi ya mzazi si mapato ya mtoto. Riba ya benki pia humwacha mwanafunzi mgeni salama; Mmarekani anayeweka akiba dirisha hilohilo anaitolea kodi, mgeni asiye mkazi haitolei. Ni mara chache kuwa mgeni kunamfaidi mtu namna hii.

Wahindi wawili na Mzambia mmoja jikoni

Vijana watatu wanaosha sahani kwenye kantini ya chuo, mshahara sawa, saa sawa. Wawili wanatoka India, mmoja Nchelenge. Kila mmoja amepata dola 6,000 kwa mwaka 2024. Mwisho wa mwaka Wahindi wanadaiwa kodi ya mapato ya sifuri kwa serikali kuu. Mzambia anadaiwa dola 600.

Hakuna aliyeiba. Mkataba wa kodi kati ya Marekani na India, uliotiwa saini mwaka 1989, unamruhusu mwanafunzi Mhindi kukata punguzo la kawaida wanalokata Wamarekani wenyewe, nalo kwa mwaka 2024 lilikuwa dola 14,600 kwa mtu asiye na ndoa. Wageni wengine wasio wakazi hawana haki hiyo, na mwanafunzi wa China ana mlango wake mwingine: dola 5,000 za kwanza za mshahara hazitozwi. Kwa Afrika nzima Marekani ina mikataba ya kodi na nchi nne tu: Misri, Moroko, Tunisia na Afrika Kusini. Zambia haimo. Wala Tanzania, wala Kenya, wala Uganda.

Kati yetu wenyewe tulikumbukana mapema. Zambia ina mikataba ya kuepuka kutoza kodi mara mbili na Tanzania, Kenya na Uganda ya tangu mwaka 1968, wakati uhuru wa Zambia ulikuwa na miaka minne. Na Uingereza imeandikiana na Zambia mkataba mpya mwaka 2014.

Kuna 7.65 isiyokuhusu

Kwa kawaida Mmarekani aliyeajiriwa hukatwa asilimia 7.65 ya mshahara kwa ajili ya pensheni ya uzeeni na matibabu ya wazee. Mwanafunzi wa F-1 asiye mkazi hakatwi anapofanya kazi inayoruhusiwa na viza yake. Ila karani wa mishahara asiyewajua wageni humkata tu, kimyakimya, wiki baada ya wiki.

Kwenye kila dola 100 ni dola 7 na senti 65, bei ya sahani ya mchana. Ukikuta umekatwa, mwendee mwajiri kwanza. Akishindwa kurudisha, kuna Fomu 843. Itazame vizuri namba hiyo usije ukaichanganya na 8843. Aliyezipa majina hakuwa na huruma.

Dola 1,200 zilizobisha mlango usio wake

Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ya Marekani iligawa hadi dola 1,200 kwa kila mtu mzima mkazi aliyestahili. Wanafunzi wengi wa kigeni walishtuka kuona fedha hizo zimeingia benki. Hawakustahili. Sababu kubwa: walikuwa wamejaza Fomu 1040 ya wakazi badala ya 1040-NR, mara nyingi kwa kutumia programu za kompyuta za kujazia ritani zilizotengenezwa kwa ajili ya wakazi.

Ilibidi wasahihishe ritani zao na kurudisha hela. Herufi mbili, N na R, ziligharimu watu usingizi wa wiki kadhaa.

Kenya hutangaza sifuri

Si lazima uende mbali. Mwanafunzi wa Kenya anayeomba mkopo wa elimu ya juu huhitaji PIN ya Mamlaka ya Mapato, na akishaipata PIN hiyo kwa kawaida anatakiwa kuwasilisha ritani kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni. Hana kazi? Awasilishe ritani ya sifuri. Akisahau, faini ya mtu binafsi huanzia shilingi 2,000, kwa kosa la kutosema kwamba hana kitu.

Wazambia ni wapole zaidi hapo. Mwenye mshahara tu, ambaye mwajiri amekwisha kumkata kila mwezi, hatakiwi kujaza ritani. Na tangu Januari 2024 kwacha 5,100 za kwanza za mshahara wa mwezi hazikatwi kitu. Zinazopita 9,200 zinakatwa asilimia 37.

Wazambia hulipa kodi kwa alfajiri

Kwacha maana yake kumekucha, na sikio la Mswahili linaisikia bila mkalimani: kucha, kwacha, mzizi mmoja. Fedha hiyo ilianza kutumika Januari 1968, ikairithi pauni. Senti yake, ngwee, ni mng'ao. Mwaka 2013 ilikatwa sufuri tatu, kwacha 1,000 zikawa kwacha moja, na watu waliolala wakiwa mamilionea wakaamka na noti chache.

Na Hazina ilianza kama kikapu

Warumi waliiita hazina ya mfalme wao *fiscus*. Neno hilo lilikuwa la kikapu cha kutunzia fedha, na ndilo lililozaa maneno mengi ya kodi katika lugha za Ulaya. Ushuru wetu nao una asili ya Kiarabu, *ushr*, sehemu moja ya kumi. Mama wa Kashikishi anayepima samaki kwa beseni na kutoa ya soko yupo karibu na asili ya mambo haya kuliko mhasibu yeyote mwenye kompyuta.

Mmarekani anayehesabu mbu Nchelenge

Safari si ya upande mmoja. Nchelenge ni moja ya maeneo ambako Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Tropiki cha Ndola na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani wamekuwa wakifanya utafiti wa malaria kwa miaka mingi, kwa sababu mbu wa Mweru hawana likizo. Mmarekani akija hapo kufanya utafiti hatoroki ritani ya kwao. Marekani humfuata raia wake kwa uraia, popote alalapo. Kinachobadilika ni kwamba akiwa anaishi ng'ambo hupewa hadi tarehe 15 Juni kuwasilisha badala ya 15 Aprili.

Anaweza pia kuomba mshahara wake wa ng'ambo usitozwe, akithibitisha amekaa nje siku 330 kamili ndani ya miezi 12. Siku kamili hapo ni saa 24, usiku wa manane hadi usiku wa manane. Akirudi nyumbani kwa harusi ya dada, anahesabu kwa vidole.

Nchi nyingine inayojulikana kwa kuwafuata raia wake hivyo ni Eritrea, inayodai asilimia 2 ya mapato ya watu wake walio ng'ambo. Boris Johnson, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, alizaliwa New York baba yake akiwa mwanafunzi huko, akaondoka mdogo wa miaka mitano. Miaka mingi baadaye Marekani ilimdai kodi ya faida ya nyumba aliyoiuza London. Alilalamika, akalipa, na mwaka 2016 akauacha uraia huo. Kama mwanao amezaliwa ukiwa masomoni Marekani na ana pasi yao, hifadhi kisa hiki.

Mwaka una siku nyingi za kuanza

Zambia, Kenya na Marekani huanza mwaka wa kodi tarehe 1 Januari, kama watu. Australia huanza 1 Julai. Uingereza huanza 6 Aprili, na mzizi wake ni mwaka 1752, walipobadilisha kalenda: watu walilala tarehe 2 Septemba wakaamka tarehe 14. Hazina haikukubali kupoteza mapato ya siku 11 zilizofutwa, ikausogeza mwaka wake mbele. Mwanafunzi wa Nchelenge anayefanya kazi dukani Leeds leo anaanza mwaka mpya wa kodi katikati ya majira ya kuchipua kwa sababu ya ubishi wa karne ya kumi na nane.

Kitu kimoja cha kumfurahisha: huko pauni 12,570 za kwanza za mwaka hazitozwi, na wanafunzi wengi hawafiki hapo. Akikatwa kimakosa ana miaka minne ya kudai.

Norway jirani anaweza kuchungulia

Nchini Norway mapato na kodi za watu hutangazwa hadharani kila mwaka. Mwenye kitambulisho cha nchi hiyo anaweza kutafuta jina la jirani yake na kuona. Tangu 2014 kuna dawa ya umbeya: anayechunguliwa anaweza kujua aliyemchungulia. Inasemekana udadisi ulipungua ghafla. Mimi naamini bila ushahidi wowote.

Kanada haisahau karo yako

Mwanafunzi mgeni aliye mkazi kikodi nchini Kanada anaweza kuitunza nafuu ya karo aliyolipa asipoihitaji mwaka huo, na kuitumia miaka ya mbele akishaanza kupata mshahara. Haina tarehe ya kuoza. Sharti ni moja: awe amejaza ritani, ambayo mwisho wake ni 30 Aprili, hata ile miaka ya mikono mitupu.

Kwenda Kitwe kupitia nchi ya watu

La mwisho la ramani. Mwanafunzi wa Nchelenge anayekwenda Chuo Kikuu cha Copperbelt, mjini Kitwe, akitaka njia fupi huvuka Luapula kwenye Daraja la Mwanawasa pale Chembe, lililofunguliwa 2008, kisha hupita kipande cha Kongo kilichochomoza ndani ya Zambia, halafu anaingia tena kwao. Anatoka nchini na kurudi nchini kabla ya chakula cha jioni, akisoma chuo cha nchi yake. Hatalala huko, kwa hiyo hakuna fomu ya kodi.

Stempu ya Austin

Kama una mtoto, mdogo wako au mpwa anayesoma Marekani kwa viza ya mwanafunzi, mpigie simu umuulize swali moja la Kiswahili safi: 8843 umeituma? Aliyepata mshahara au ufadhili unaotozwa huiambatanisha na ritani ya 1040-NR. Mwenye mshahara mwisho wake ni 15 Aprili. Asiye na mapato huituma peke yake kabla ya 15 Juni, na katika nchi hiyo ya roketi na simu zinazoongea, hiyo ya peke yake huenda kwa posta, kwenye bahasha, Austin, Texas. Aitie sahihi, abaki na nakala, abandike stempu ya kutosha.